Rangi Ipi, kwa Jicho Lipi: Hotuba kwa Walimu na Wazazi wa Kisumu

Mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, nanyi wanafunzi mlioketi huko nyuma, hamjambo.

Swali lililotufikia kutoka kwenu ni hili: mtoto analalamika kwamba mwanga unamuumiza, au kwamba maandishi yanacheza ukurasani, tumnunulie miwani ya rangi gani? Jibu letu ni kwamba rangi huja mwisho. Kwanza ijulikane kinachomuumiza. Rangi inayomfaa mwenye kipandauso haimfai mwenye ualbino, na inayomfaa mwenye ualbino haimfai mwenye kifafa. Tena kuna watoto ambao hakuna rangi itakayowafaa, wanaohitaji dawa ya hospitali leo hii, si mwisho wa muhula.

Tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni macho kuumizwa na mwanga. Mtoto anatoka darasani saa saba mchana, jua linampiga, anafinya macho, machozi yanamtoka na kichwa kinaanza kumgonga. La pili ni mkazo wa kuona. Huyu jua halimsumbui sana, ila akikazia ukurasa wenye mistari mingi myeusi juu ya karatasi nyeupe, herufi zinatetemeka, mistari inaingiliana, weupe wa karatasi unamchoma, na baada ya dakika kumi anasugua macho na kupotea mstari. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, hasa mwenye kipandauso. Lakini hupimwa kwa njia tofauti, na vichujio vyake, yaani lenzi au plastiki za rangi za kupunguza mwanga, si vilevile.

Jicho likianza kuogopa mwanga ghafla, mahali pa kwenda ni hospitali. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu miwani nyeusi huficha ugonjwa vizuri sana: mtoto anatulia, mzazi anapumua, na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, inaendelea kuoza nyuma ya kioo. Huku kwetu kwenye mashamba ya miwa na mahindi, jani likimchoma mtu jichoni linaweza kuacha kuvu ndani ya mkwaruzo. Siku chache baadaye jicho ni jekundu, linauma, linakimbia mwanga, na doa jeupe limetokea juu ya sehemu nyeusi. Hicho ni kidonda cha konea. Msitie maziwa ya mama, msitie maji ya majani, msitie dawa iliyobaki ya jirani. Uvimbe wa ndani ya jicho nao huleta wekundu unaozunguka duara la katikati, maumivu ya kina na ukungu. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa yasiyo ya kawaida, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, huenda ana presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Mboni ikionekana nyeupe, huenda ni saratani ya jicho. Na mwenye homa, shingo iliyokakamaa na kuchukia mwanga, huyo msimfikirie macho kabisa. Ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina uzito.

Walimu, upo ugonjwa mmoja mnaouona kila siku na huenda hamjui jina lake. Ni mzio mkali wa macho wa watoto wa shule: macho yanawasha bila kukoma, weupe wa jicho umegeuka rangi ya udongo, ute unatoka kama nyuzi, na mtoto anaketi akiwa ameinamisha kichwa asione dirisha. Huu ndio mara nyingi unaofanya mtoto akimbie mwanga. Shida yake kubwa hapa ni dawa ya matone yenye steroidi inayonunuliwa dukani bila daktari. Inatuliza ndani ya siku mbili, basi familia inainunua tena na tena kwa miezi. Steroidi ikikaa muda mrefu huinua presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na neva ya jicho ikishakufa hairudi. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kofia, na matone ya mzio aliyoandika mhudumu wa macho ndiyo njia. Kichujio cha rangi hapo ni nyongeza tu.

Kwa uchunguzi hapa Kisumu mnayo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Wa Vihiga na Kakamega wako karibu na Hospitali ya Macho ya Sabatia. Mkifika, ombeni mambo mawili kabla ya kutaja rangi. Kwanza, mtoto apimwe nguvu ya macho baada ya kutiwa matone ya kulegeza misuli ya ndani, kwa sababu mtoto asiyeona karibu vizuri hujikaza akafaulu kipimo cha ukutani, kisha kitabuni akachoka. Pili, macho yapimwe kama yanakutana. Hili la pili hata nyumbani mnaweza kuliangalia: sogezeni ncha ya kalamu polepole kuelekea pua yake na mwambieni aseme ikigeuka mbili. Ikiwa mbili kabla ya kufika sentimita 10 kutoka puani, na mkirudia inakuwa vilevile, basi huenda herufi zinacheza kwa sababu macho mawili hayaelekei mahali pamoja. Plastiki ya waridi juu ya ukurasa haitarekebisha hilo. Miwani ya nguvu au mazoezi ya macho yatarekebisha.

Sasa tuseme mtoto amepimwa, jicho ni zima, miwani ya nguvu kama anaihitaji anayo, na bado mwanga unamuumiza. Kwa nini rangi imsaidie?

Nyuma ya jicho, mbali na chembe tunazoonea, kuna chembe chache zinazohisi mwanga wenyewe. Zilithibitishwa mwaka wa 2002. Kazi yake ni kuuambia mwili kama ni mchana au usiku na kubana mboni. Huamshwa zaidi na mwanga wa samawati wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Mwaka wa 2010 watafiti wa Boston walionyesha kwamba watu wasioona ambao chembe hizi bado ziko hai huumizwa na mwanga wakati wa kipandauso, ilhali waliopoteza jicho zima au neva yake hawaumizwi. Ishara za mwanga hufika ndani ya ubongo mahali palepale zinapopitia ishara za maumivu ya kichwa. Kwa hiyo, anayesema mwanga unamuumiza kichwa hadanganyi wala hadeki.

Kichujio kilichojaribiwa zaidi kwa watu hawa kinaitwa FL-41. Ni rangi ya waridi inayoelekea kahawia, na hupunguza mwanga wa kati ya nanomita 480 na 520. Kilibuniwa kwa ajili ya watu waliosumbuliwa na taa za mirija. Mwaka wa 1991, huko Birmingham, Uingereza, kilijaribiwa kwa watoto 20 wenye kipandauso, wengine wakivaa FL-41 na wengine lenzi za buluu zenye giza sawa. Mwezi wa kwanza makundi yote mawili yalipata nafuu. Kufikia mwezi wa nne waliobaki na nafuu ni wa FL-41 peke yao: walitoka wastani wa maumivu 6.2 kwa mwezi wakafika 1.6. Watoto 20 ni wachache, lakini liangalieni hilo la mwezi wa kwanza, maana linatufundisha kwamba miwani yoyote mpya inaweza kuleta nafuu ya siku chache. Baadaye kazi iliyofanywa Utah, Marekani, ilionyesha FL-41 ikipunguza kufumba kwa watu ambao kope zao hukakamaa na kujifunga zenyewe.

Msiende stendi kununua miwani ya waridi mkidhani mmepata FL-41. Lenzi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikazuia nanomita 480 na nyingine ikaipitisha yote. Tofauti inaonekana kwenye grafu ya upitishaji mwanga, na muuzaji wa kweli anayo. Mwambieni awaonyeshe mahali pa 480 na 520. Mstari uwe umeshuka pale. Asipokuwa na grafu, anawauzia rangi tu. Vivyo hivyo na lenzi zinazokaribia kuwa nyeupe, zinazonadiwa kuwa za kompyuta na simu: nyingi hukata zaidi mwanga wa zambarau, chini ya nanomita 440, na kugusa 480 kidogo sana. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 na Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, haukuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa kutumia kompyuta. Pesa hiyo ilipieni miwani sahihi ya nguvu.

Hapa tuseme habari ya miwani nyeusi, kwa maana ndiyo inayoharibu watu wengi wenye nia njema. Mtoto anaumizwa na mwanga, anapewa miwani nyeusi, anaivaa darasani, kisha nyumbani, kisha sebuleni jioni. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikaa gizani hujiongezea uwezo wa kuuhisi. Hiyo ndiyo kazi yake. Baada ya wiki chache mwanga wa kawaida wa darasa unamuumiza kuliko mwanzo, mzazi anatafuta miwani nyeusi zaidi, na mzunguko unaendelea mpaka mtoto anaomba mapazia yafungwe. Ndani ya nyumba miwani ya jua isivaliwe, isipokuwa daktari amesema kwa sababu ya ugonjwa fulani wa retina au jicho linalotibiwa.

Aliyekwisha kuzoea giza asivuliwe kwa siku moja. Aanze na chumba chenye mwanga hafifu, nusu saa bila miwani, mara mbili kwa siku. Kila baada ya siku tatu nne aongeze robo saa, na chumba kiongezwe mwanga: pazia moja lifunguliwe, kisha la pili. Akipata maumivu makali arudi hatua moja nyuma, asirudi mwanzo. Wakati huohuo avae kichujio chepesi cha FL-41 ndani na kizito nje tu. Kazi hii huchukua wiki kadhaa na inachosha, na mtoto atahitaji mwalimu anayejua kwamba mpango upo.

Miwani ya jua ya nje ina madaraja, kutoka 0 hadi 4, yaliyoandikwa ndani ya mkono wa fremu au kwenye kikaratasi chake. Daraja la 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, la 3 asilimia 8 hadi 18, na la 4 asilimia 3 hadi 8. La 3 linatosha kwa jua letu la ikweta. La 4 ni marufuku kwa mwendeshaji wa chombo chochote, boda boda ikiwemo. Weusi wa lenzi hauelezi lolote kuhusu miale ya urujuanimno. Lenzi nyeusi isiyozuia miale hiyo inaweza kuwa hatari zaidi kuliko kutovaa, kwa kuwa nyuma yake mboni inapanuka na kuikaribisha. Tafuteni alama ya UV400, ya kuzuia miale hiyo. Plastiki ya polikaboneti huizuia yenyewe hata ikiwa nyeupe.

Kule ziwani, mng'ao wa jua unatoka chini. Jua likipiga maji, mwanga unaoruka hulala upande mmoja, na lenzi za polaroidi huukata huo hasa. Kwa mvuvi wa Dunga au Usenge hizo ndizo zinazofaa. Tahadhari yake ni kwamba skrini za baadhi ya simu na mashine huonekana nyeusi ukiinamisha kichwa. Lenzi zinazobadilika rangi zenyewe juani zina udhaifu wa aina mbili: joto huzizuia kufikia giza lake kamili, na Kisumu si mji wa baridi, na ndani ya gari hazibadiliki sana, maana kioo cha mbele kimekwisha kuzuia miale inayoziamsha.

Kwa mafundi wa miwani waliokuja, neno moja la kazi. Rangi maalum hutiwa kwenye lenzi za plastiki ya kawaida, ile ya CR-39, kwa kuzichovya katika maji ya rangi yenye joto la nyuzi 90 na kitu. Kioo halisi hakinywi rangi hiyo, na polikaboneti yenyewe haiinywi. Kwa polikaboneti, kinachoinywa ni ngozi ya juu iliyopakwa tu. Chovyeni lenzi mbili pamoja, kutoka kundi moja, la sivyo moja itatoka nzito. Rangi itangulie, na ngozi ya kuzuia mng'ao ifuate. Mkigeuza utaratibu, rangi haitaingia. Bakini na kipande cha lenzi kilichochovywa siku hiyohiyo, kikae ndani ya bahasha, gizani. Jua letu huchujua rangi, na baada ya mwaka mkiweka kipande hicho kando ya miwani juu ya karatasi nyeupe mtaona wenyewe kama ni wakati wa kutia upya.

Kuna macho yanayohitaji rangi yake peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ualbino 9,729 nchini, na shule kama St. Oda, Aluor, kule Siaya, zinawajua watoto hawa vizuri. Jicho lao linapitisha mwanga hadi kupitia kwenye duara la rangi linalozunguka mboni, macho yao huchezacheza, na sehemu ya katikati ya retina haikukomaa. Kichujio cha kahawia au kaharabu, daraja la 2 au 3 kwa nje, chenye fremu inayokumbatia uso na kuziba pembeni na juu, kinapunguza mateso. Hakiongezi uwezo wa kuona mbali, na mwalimu asimtarajie asome ubao kwa sababu amevaa. Rangi itiwe juu ya miwani ya nguvu yake mwenyewe. Kumpa miwani ya jua ya kawaida ni kumwondolea miwani aliyohitaji. Mwacheni alete kitabu karibu na pua, hilo halimdhuru. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa losheni ya jua kwao. Mzazi ambaye hajamwandikisha mtoto aende.

Mtoto anayefinya macho mchana kutwa lakini jioni jua likizama anacheza na kuona vizuri kuliko mchana, na rangi anazichanganya zote, huenda chembe zake za mchana hazifanyi kazi. Huyu anafaidika na lenzi nyekundu iliyokolea, inayopitisha mwanga wa zaidi ya nanomita 600, kwa sababu chembe za usiku anazozitegemea haziuhisi sana mwanga mwekundu. Mfundisheni kuvuka barabara kwa kuangalia ni taa ipi imewaka, ya juu au ya chini, maana rangi zake hazisaidii.

Kwa kifafa kinachoamshwa na mwanga unaopepesa, kuna lenzi ya buluu ya kobalti iitwayo Z1. Mwaka wa 2006 ilijaribiwa Italia kwa watu 610, na kwa takriban robo tatu yao kipimo cha umeme wa ubongo hakikuonyesha tena mshtuko wa mwanga. Ni lenzi ya daktari wa kifafa, na haichukui nafasi ya dawa. Jambo la kujua mwalimu ni hili: televisheni au taa ya disko ikianza kupepesa, mtoto afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke. Kufumba macho hakutoshi, mwanga mwekundu hupenya kope.

Tuje sasa kwenye kitabu, kwa kuwa walimu wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Plastiki angavu ya rangi inayowekwa juu ya ukurasa ilianza kuzungumzwa na Olive Meares wa New Zealand mwaka wa 1980 na Helen Irlen wa California mwaka wa 1983, kisha Arnold Wilkins wa Uingereza akaitengenezea vipimo. Maelezo yake ni kwamba ubongo wa baadhi ya watu huchoshwa na michoro ya mistari, hasa mistari yenye upana fulani machoni: jozi moja ya mweusi na mweupe yenye milimita 2 hivi kwa umbali wa kusoma wa sentimita 40. Mabati ya kawaida ya mawimbi, yakipigwa na jua la pembeni na kutazamwa kutoka mita 13 hivi, huleta mistari ya upana huohuo jichoni. Dirisha la darasa likitazama ukuta wa mabati ng'ambo ya uwanja, mtoto huyu asikae akiuelekea.

Lakini tuwe wakweli mbele yenu. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitamka pamoja mwaka wa 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa lenzi za rangi hutibu disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma. Mwaka wa 2016 uchambuzi wa tafiti uliofanywa Uingereza uliona kwamba nyingi ya tafiti zinazosifu rangi zilikuwa na kasoro za kupendelea matokeo. Mtoto mwenye disleksia anahitaji kufundishwa sauti na herufi, silabi kwa silabi, kila siku, na mwalimu mwenye subira. Apelekwe kwenye kituo cha tathmini cha elimu maalum cha kaunti ndogo yake. Anayewauzia miwani ya rangi ya bei kubwa kwa ahadi kwamba mtoto atajua kusoma, mwondokeeni. Tunachoweza kusimamia ni hiki kidogo: mtoto anayejua kusoma lakini anachoka upesi kwa sababu ukurasa unamsumbua, wakati mwingine hupata raha akiwekewa rangi fulani, na jambo hilo linaweza kupimwa kwa bei nafuu.

Kabla ya rangi, jaribuni vitu visivyo na gharama. Herufi ziwe za pointi 14, mistari iachane kwa nafasi moja na nusu, karatasi iwe ya maziwa badala ya nyeupe kabisa. Kateni kadibodi nyeusi yenye dirisha la sentimita 12 kwa 2, iteleze juu ya ukurasa ikionyesha mistari miwili mitatu tu. Watoto kadhaa wataishia hapo.

Atakayebaki apimwe hivi. Andaeni plastiki za rangi saba au nane, za waridi, manjano, chungwa, kijani, kijani cha bahari, samawati, zambarau, pamoja na moja ya kijivu. Mifuniko ya faili za plastiki inayoonyesha vizuri inafaa, iwe na upande usiong'aa, na upande huo ukae juu, vinginevyo dirisha litajiona kwenye plastiki na mtoto atasumbuka zaidi. Wekeni kurasa mbili zinazofanana mbele yake, moja kushoto na moja kulia, kila moja chini ya rangi tofauti. Mwulizeni swali moja: upande upi unatulia zaidi machoni? Msimwulize anapenda rangi ipi. Iliyoshinda inabaki, inayofuata inawekwa kando yake, mpaka zote zipite. Rudieni siku nyingine, mkigeuza kushoto na kulia. Akichagua tofauti kabisa siku ya pili, hana rangi, mwacheni.

Akichagua ileile, pimeni kasi yake. Kipimo cha Wilkins hutumia maneno 15 ya kawaida yaliyorudiwa katika mistari 10, kila mstari kwa mpangilio tofauti, bila maana, ili mtoto asikisie. Cha Kiswahili mnaweza kukitengeneza wenyewe: na, wa, mama, paka, baba, kuku, maji, sisi, yeye, mti, simu, leo, njoo, meza, hapa. Kichapwe kwa herufi ndogo za pointi 9, mistari ikibanana, kwa makusudi, kwa maana ukurasa mwepesi hautaonyesha shida. Tayarisheni kurasa nne zenye mpangilio tofauti. Mtoto asome kwa sauti dakika moja: kwa plastiki, bila plastiki, bila plastiki, kwa plastiki. Mpangilio huo unazuia mazoea yasihesabiwe kuwa ni kazi ya rangi. Hesabuni maneno yaliyosomwa sawasawa, ondoeni yaliyorukwa na mistari iliyopotea, mpate wastani wa kila upande. Aliyesoma 60 bila plastiki na 63 akiwa nayo amepanda asilimia 5, na hiyo hutokea kwa bahati tu. Tunataka 69 au zaidi, yaani asilimia 15. Kisha rudieni yote kwa plastiki ya kijivu. Kijivu kikimpandisha vilevile, shida ilikuwa mng'ao wa karatasi, na dawa yake ni kumhamisha kiti.

Makosa yanayoharibu kipimo ni ya kibinadamu. Mwalimu anasema, "Hii itakusaidia." Mtoto anataka kumpendeza mgeni. Rafiki yake amepewa ya samawati naye anataka ya samawati. Basi anayepima asionyeshe analotarajia, na atakayehesabu maneno akae nyuma asione plastiki, asikie sauti tu.

Aliyefaulu apewe plastiki akae nayo wiki mbili bila kukumbushwa. Msimamizi aandike tu kama aliitoa mwenyewe. Mtoto anayeiacha ndani ya dawati amekwisha kutoa jibu. Anayeendelea kuitumia ndiye wa kufikiriwa miwani yenye rangi, na hapo jueni kwamba rangi ya plastiki si lazima iwe rangi ya lenzi. Plastiki inafunika ukurasa na kuacha dunia yote nyeupe pembeni, lenzi inafunika kila kitu na jicho linajirekebisha. Lazima apimwe upya kwa lenzi za majaribio.

Na taa? Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya mrija yenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wake) ya zamani ya chuma huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Hamlioni, ubongo unalipokea. Mwaka wa 1989 Wilkins na wenzake walibadilisha balasti za ofisi fulani Uingereza kuwa za kielektroniki, na maumivu ya kichwa na macho yakapungua kwa nusu hivi. Balbu nyingi za LED za bei ya chini zina kasoro hiyohiyo. Washeni kamera ya simu, iwekeni katika hali ya video ya mwendo wa polepole, ielekezeni kwenye ukuta ulio chini ya taa: mkiona mawimbi ya giza yakipita, taa inapepesa. Badilisheni hiyo kwanza. Inawasaidia watoto 50 kwa mara moja. Mrija unaopepesa ncha zake mkiuona kwa macho, ung'oeni leo jioni.

Waendesha boda boda mlioomba miwani ya manjano ya usiku: jaribio lililofanywa Marekani mwaka wa 2019 halikuona ikisaidia kumwona mtu anayevuka barabara mbele ya taa za gari linalokuja. Lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 ya mwanga isivaliwe usiku barabarani. Futeni vioo vya helmeti, vyenye mikwaruzo vibadilishwe, kwa sababu mikwaruzo ndiyo inayotawanya taa za mbele.

Kwa watoto watakaoanza kutumia rangi muhula huu, rudieni kipimo cha maneno baada ya miezi mitatu, kwa kurasa zenye mpangilio mpya, na mfunge karatasi ya matokeo ya kwanza ndani ya faili la mtoto ili yalinganishwe. Faida ikiwa bado ipo, aendelee. Ikiwa imetoweka, plastiki iondolewe, na mtoto arudishwe kwa mpima macho akaangaliwe upya tangu mwanzo.